Mano Ambayo Sikuiweka

Yaya mpendwa, kaka yangu wa kazi,

Tangu Katanga ijiite nchi, posta ya hapa haipeleki barua Kasai. Kwa hiyo hii naiacha wazi, bila bahasha. Atakayeisoma na anakufahamu, akufikishie. Nimeianza mara tatu nikaichana. Leo siichani. Nilikudanganya juu ya ile motoka yako, yaya, na tangu mlipoondoka siwezi kukaa kitako hata nikiwa ninakula.

Unakumbuka nilivyofika garaji nikitokea Kilwa, hii yetu ya ziwani, sijui hata kufungua gurudumu? Ulinicheka mpaka ukaegemea ukuta. "Weye wa Kilwa, apa hatupige kasia!" Lakini ulinifundisha, wewe Mkasai, wakati mafundi wengine walinigeuzia mgongo ili nisione mikono yao. Siku ya kwanza taa nyekundu ya mafuta ilipowaka mbele yangu, nikapiga kelele kwamba motere, injini yenyewe, imekufa. Ukanipiga kikofi kichwani. "Taa inadanganyaka," ulisema. "Usiseme motere imekufa kabla ya kuweka mano." Ukanionyesha sonda, kile kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa motere kusikiliza nguvu ya mafuta. Ndicho kinachowasha taa, na chenyewe huharibika. Unakitoa, unafunga mano, kile kipimo chenye sindano, mahali pake, unawasha, unatazama sindano. Sindano ikipanda, motere ni nzima, ni sonda tu iliyokufa; isipopanda, motere haikufikishi mbali.

Basi, siku ile. Wakasai walikuwa wanafukuzwa nyumba kwa nyumba. Wewe ulijifungia ndani, mtaani Bel-Air, na mkeo Mama Marie, na mtoto wenu Marie mgongoni mwake, mizigo imekwisha kufungwa. Shemeji yako alikuwa anawangoja Ndola, upande wa Rhodesia. Na taa ile ikakataa kuzimika! Wewe hukuweza kutoka hata uani ilipokuwa motoka, wangekuona. Ukaniita. Ukanipa mano yako, ukasema leo mikono yangu ndiyo mikono yako.

Nilipima mafuta kwa kijiti: yamejaa. Nikachomoa waya wa sonda, taa ikazimika. Basi waya ni mzima. Ikabaki sonda au motere, na hapo ni mano tu ya kusema. Nilipoiwasha, motere haikugonga, yaya, kama inavyogonga ikikosa mafuta. Niliisikiliza vizuri, haikugonga hata kidogo.

Nilikuwa nimeshika ufunguo wa kutoa sonda wakati vijana watatu, wa wale waliokuwa wakiwafukuza, waliposimama kwenye lupango, mlangoni mwa ua. Mmoja ninamfahamu, tunaimba naye kanisani.

"We, unatengeneza motoka ya nani?"

"Ya patron, mwenye garaji."

"Na mbona iko kwa Mukasai?"

Mama yangu! Sikuthubutu kufungua sonda mbele yao. Nilifunga kapo, kifuniko cha motere, nikajifanya nakusanya vyombo mpaka wakasogea hatua chache, nikaingia ndani. Mano ilikuwa bado imefungwa kwenye kitambaa chake.

"Uliweka mano?" ukaniuliza.

"Niliiweka. Sindano haikupanda."

Hukuniuliza mara ya pili. Angekuwa fundi mwingine ungebisha, ungemwambia arudi akapime tena. Lakini mimi ulinifundisha mwenyewe. Ulimtazama Mama Marie, ukasema, "Njo vile. Tutaenda ku kambi." Nikanyoosha mkono kukurudishia mano, ukausukuma. "Beba. Miye sina motere tena. Weye unajua kazi yake." Nikaipokea! Nikasema na aksanti!

Mlikwenda kwa miguu mpaka kambi ya wakimbizi, kwa askari wa kofia za buluu, mkalala chini ya magunia. Baadaye nikasikia kanisani kwamba Marie alikohoa siku nne, mkamzika huko huko. Halafu treni ikawachukua ninyi wawili kwenda Kasai. Sikuja kuwaaga. Nilisema nina kazi. Kazi gani?

Wiki iliyopita motoka yako ililetwa garaji. Mtu aliyekuja nayo anasema aliiokota. Motoka inaokotwa? Anasema taa haizimiki. Patron akanipa mimi. Nikatoa sonda, nikafunga mano yako, nikawasha. Sindano ikapanda, yaya. Ikapanda mpaka pale ulipokuwa ukigonga kioo kwa ukucha na kusema "muzuri". Nikazima, nikawasha tena. Ikapanda tena. Nikaweka sonda mpya, kazi ya robo saa, taa ikazimika. Yule mtu akanipa mkono, akaondoka akisema anakwenda Rhodesia kununua vitu.

Sasa naweka mano kwenye kila motoka, hata iliyoletwa kubadilishiwa gurudumu. Patron ananiuliza kama nimerogwa. Mara nyingine najiambia kwamba labda askari wangewasimamisha njiani, labda mngeuawa, najiambia hivyo ili nipate kupumua. Wapi! Ndola si mbali, mngefika jua likiwa bado juu. Si barabara iliyowazuia, ni woga wangu. Na yule kijana bado tunaimba naye Jumapili, ananishika bega, mimi natabasamu. Najichukia, yaya.

Sitaki kuomba msamaha kwa karatasi. Kama utamwambia Mama Marie au hutamwambia, wewe ndiye unayeujua moyo wake. Ila ukirudi siku moja, usinisalimie kwanza. Simama mlangoni, uniulize tena kama niliweka mano.

Mudogo wako,
wa Kilwa