Neno Lililodondoka Mezani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto kama Mama anavyokusemea. Sisi wazima, wajukuu zako wanakuulizia kila siku.

Pale kiwandani kwetu cha uchapaji mambo yamegeuka, we acha tu! Unakumbuka enzi za Mkuu, kila sheria uliyoipanga kwa herufi za risasi ilianza na “Nimeamuru”. Mkuu akaondoka, chama kikashika nchi, ikawa “Tumeamua”, nasi wasahihishaji tukabaki kuulizana hao “tu” ni akina nani. Mwaka jana tumechapa katiba mpya, ile tuliyoipigia kura. Inaanza na “Sisi wananchi”. Msimamizi wetu, tunayemwita Miwani, aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaenda kunawa uso. Wakubwa bado wanatupigia simu kwa ukali, lakini siku hizi tunawaambia walete barua.

Katiba hiyo imeunda tume ya kuwasafisha majina walioonewa zamani. Nikakukumbuka.

Enzi zile gazeti la serikali lilitakiwa kuandika kwamba Mkuu amepunguza kodi, “Mkuu ametuonea huruma”. Likatoka “Mkuu ametuonea”. Nchi nzima ilicheka kimoyomoyo, wewe ukafungwa miaka miwili na kazi ukaikosa. Hadi leo unasema neno lilidondoka mezani kwa sababu macho yako yalikuwa yamechoka.

Baba, halikudondoka. Nililichomoa mimi, msaidizi wako pale mezani, ulipotoka kwenda kula. Nilikuwa na hasira, juma lile watu wa Mkuu walikuwa wamembomolea Bibi nyumba yake. Nilidhani watu watacheka tu, yaishe. Walipokuja kukukamata nilinyamaza, nikaendelea kula mshahara wao. Aibu hiyo nimeibeba miaka thelathini.

Mwezi uliopita niliiandikia tume yote haya, nikatia sahihi. Jana wamenijibu: Ijumaa gazeti litatoa masahihisho, kwamba mpanga herufi hakuwa na kosa. Miwani akaniuliza kama neno “huruma” nalo tulirudishe mahali pake. Nikamwambia hapana, sentensi ile ilitoka sahihi. Kilichokosewa ni jina la aliyeadhibiwa.

Jumamosi nitakuletea gazeti mwenyewe. Ukinifungia mlango nitaelewa, nitakaa barazani mpaka umalize kulisoma. Mpe Mama salamu zangu nyingi.

Nionee huruma, Baba, na safari hii neno lisidondoke.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.