Yurea kwenye Pumba za Mbuzi

Jumatatu, 5 Mei
Nimechanganya pumba na mukene, dagaa za kusaga, kama kila asubuhi. Baba Hawa kasimama zizini analalamika. Eti nawapa mbuzi dagaa za watu na bado hawanenepi. Tangu astaafu jeshi amekuwa bwana mifugo. Nimechoka na sauti yake.

Alhamisi, 8 Mei
Ameleta yurea. Mbolea ya mahindi! Rafiki yake mwenye ng'ombe huko Kasubi kamwambia inaongeza protini. Kwa ng'ombe mkubwa labda, tena ipimwe. Mbuzi wetu wengi ni wadogo, matumbo yao hayajakomaa. Na mizani hatuna. Nimemwambia.
"Mama Hawa, mimi si mtoto."
Basi.

Jumapili, 11 Mei
Nilikwenda hospitali ya Mulago kumwona dada yangu aliyelazwa. Narudi, nakuta mbuzi wanatetemeka, povu mdomoni, matumbo yamefura. Alikuwa amewachanganyia yurea kwa koleo. Kwa koleo! Jirani yetu Acen akanishikia mbuzi, mimi nikawanywesha siki na maji baridi, mmoja mmoja. Wakubwa wawili wamepona. Wadogo wote wamekufa. Hawa, binti yetu, amelia mpaka kalala bila kula.

Jumatatu, 12 Mei
Baba Hawa anawaambia watu kwamba Acen ndiye kawawekea mbuzi sumu. Kwa nini? Kwa sababu ni mgeni kutoka kaskazini, na aliwahi kusema zizi letu linanuka. Mikono yake ilikuwa na povu la mbuzi wetu jana! Leo namchukia mume wangu. Nimenyamaza, lakini namchukia.

Jumatano, 14 Mei
Mwenyekiti wa mtaa kaita kikao. Baba Hawa kasimama kama yuko gwarideni, akamnyooshea Acen kidole. Watu wakaanza kuguna. Nikainuka.
"Mwenyekiti, hakuna aliyetuwekea sumu. Mume wangu aliwalisha yurea mwenyewe. Gunia liko nyumbani, njooni mlione."
Baba Hawa akavaa kofia, akatoka.
Nilidhani Acen atanishika mkono. Akaniuliza tu, "Na tangu juzi wananitukana, dada, ulikuwa wapi?"


Jumapili, 18 Mei
Mvua tangu asubuhi. Baba Hawa analala chumba cha mbele, haongei nami. Acen kapita na jerikeni la maji. Nimemsalimu. Ameitika, hakusimama. Nimewakatia mbuzi majani ya viazi. Wanakula polepole.