Daftari la Mawingu ya Dada Mize

Dada Mize,

Pokea salamu za mdogo wako Hamadi, ambaye hayuko mbali kukufuata. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na daktari hazungumzi tena habari ya kupona, ananiuliza tu kama napata usingizi. Lakini mkono bado unaandika, na leo nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu tulipokuzika. Umeshinda, Dada. Ngoja nikueleze. Ila kwanza nikiri.

Unakumbuka vyama vingi vilivyoingia hapa Mgogoni vikatugawa hadi ndani ya nyumba. Wewe ukaenda kule, mimi nikabaki huku. Watu waliacha kununua duka moja, waliacha hata kuzikana. Na sisi wawili tukaongeza ujinga wetu wenyewe: tukaigawa mvua. Mimi, mwalimu wa jiografia na msomaji wa kipimamvua cha skuli, nilibandika utabiri wangu ubaoni kila asubuhi ya msimu wa karafuu. Wewe ulisimama uani ukatazama mashariki, kisha ukawaambia wenzako waanike au wasianike. Wa chama changu walifuata ubao. Wa chama chako walikufuata wewe.

Siku moja ulipita ubaoni ukakuta nimeandika "Hakuna mvua." Ukacheka mbele ya watu. "Hamadi, weye walitazama wingu kichwani tu! Litazame miguuni. Ya chini yaenda huku, ya juu yaenda kule. Adhuhuri haifiki bila ya mvua."

Niliinua macho nikaona unalosema. Niliona, Dada. Lakini wenzangu walikuwa wamesimama pale wakinisikiliza, nikakujibu, "Hiyo ni mvua ya chama chenu, haitufiki sisi." Wakacheka sana. Kabla ya adhuhuri karafuu zao zilikuwa zinaelea majamvini. Zikavunda, zikapauka. Kesho yake wenzako wakanisubiri njiani: "Mwalimu, mvua ya jana imempigia kura nani?"

Kosa hilo kila mtu analijua. Usilolijua wewe ni daftari.

Tangu siku hiyo nilianza kuandika kwa siri ulichosema wewe, nilichosema mimi, na kilichokutwa katika kipimamvua. Nilitaka kukunasa. Niliandika misimu mitatu. Ulikosea mara kadhaa, ndiyo, lakini mimi nilikosea mara nyingi zaidi, na kila nilipofungua ukurasa mpya pengo lilizidi. Basi nikafanya nini? Nikaenda barazani nikasema, "Nimempima dada yangu kwa chombo. Anabahatisha tu." Nilisema hivyo daftari likiwa mfukoni mwangu.

Waliniamini kwa sababu nimesoma. Hata wa chama chako walianza kukutania, na wewe ukaacha kusimama uani. Nilikuona siku moja unaanua karafuu zako mwenyewe, kisha unazianika tena, kisha unaanua. Hukuwa na hakika tena na macho yako. Na ukafa hivyo. Mimi ndiye niliye... siwezi kuliandika neno hilo. Nililolifanya unalijua sasa.

Msimu huu karafuu zimezaa kupita kiasi. Wiki iliyopita redio ilisema mvua itanyesha hapa na pale visiwani. Hapa ni wapi, na pale ni wapi? Majamvi yalikuwa yametandikwa tangu kwangu hadi msikitini, na jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimekalishwa kitini nje. Nikatazama mashariki, nikaanza na miguu. Ya chini yalikuwa yanakwenda huku. Ya juu yalikuwa yanakwenda kule.

Nikaomba niletewe daftari, nikawaita watu wote wa pande zote mbili. Nikawasomea mstari kwa mstari, pamoja na siku ulizokosea. Nikawaambia, "Nilisema uongo juu ya Bi Mize. Alikuwa anajua, na mimi nilijua kwamba anajua. Kwa elimu yake nawaambia sasa, anueni."

Watu wakainua macho juu. Jua liliwaka kama linanicheka. Niliogopa, Dada, kwa sababu kama isingenyesha ningekuwa nimekufedhehesha mara ya pili, na sina umri wa kulisafisha jina lako tena.

Mzee Faki, yule aliyekuwa akifuata neno lako kila msimu, akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, umetufanya wajinga sote, wa huku na wa kule?"

"Sote," nikamjibu.

"Basi angalau wewe hukubagua." Akainama, akakunja jamvi lake. Alipomaliza akaenda kulikunja la jirani yake, mtu wa chama changu, ambaye hawakuwa wamepeana naye mkono tangu vyama vilipoingia. Wengine wakafuata. Wakawa wanakimbizana na magunia, wakigombezana kwa sauti, kila mmoja anabeba karafuu za mwenziwe bila ya kuuliza ni za nani.

Adhuhuri haijaadhiniwa, mvua ikamwagika.

Ungeona! Watu wamebanana barazani kwangu, wanawake wanapiga vigelegele, Mzee Faki anapiga kelele, "Bi Mize! Bi Mize!" kana kwamba umeingia mlangoni. Hakuna karafuu hata ya mtu mmoja iliyolowa. Nililia mbele yao wala sikuficha.

Daftari sasa liko skuli. Mwalimu kijana wa jiografia amechora safu mpya, na juu yake ameandika "Neno la Bi Mize." Kila asubuhi wanafunzi wanatazama miguu ya mawingu kabla ya kusikiliza redio, kisha wanapima, kisha wanaandika ukweli.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Nitakuja kuiomba mwenyewe. Lakini nakuahidi, kila asubuhi nitakayobakiziwa nitatolewa nje, nitazame, na niseme kwa jina lako, si langu.

Kwaheri, Dada yangu, Mola akuangazie kaburi. Leo mashariki ni kweupe. Nimewaambia Bi Mize amesema waanike, na wameanika wote.

Mdogo wako,
Hamadi