Jina la Mama Katika Kitabu cha Ubatizo

Al-Rawdah, Jeddah

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Wafula alisema dawa ya kuchua imesaidia, lakini ndugu yangu huyo hata nyumba ikiwaka atasema mambo ni sawa, kwa hivyo nataka kusikia kutoka kwako. Mimi ni mzima. Joto la Jeddah linalowesha nguo, si kama lile kavu la Riyadh nilikokuwa kwanza, ila jikoni kuna AC na ninakula vizuri. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, imetoka; kafili, mdhamini wangu wa kazi, ameileta mwenyewe. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Niliwaambia kwamba madam huyu mpya ni Mkanada aliyeolewa na daktari wa hapa. Kwao wanaongea Kifaransa. Bosi akienda kazini, madam hukaa kwenye kompyuta akitafuta mababu zake. Vitabu vya makanisa ya kwao vimepigwa picha, basi anasoma ubatizo, ndoa na mazishi ya watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa. Nchi hii haina kanisa hata moja, na mimi napangusa vumbi katika nyumba ambamo ubatizo unasomwa kutwa. Niliona ni mchezo wa mtu asiye na kazi.

Juma lililopita aliniita nikiwa napiga pasi. "Jentrix, yalla, njoo umwone bibi yangu!"

Nilidhani kuna picha. Kulikuwa na mwandiko wa padri tu, umelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.

"Hapa ndipo alipobatizwa," akasema. "Mama yake huyu, kwa jina la ukoo aliozaliwa. Wanawake wetu waliandikwa hivyo hata wakiwa wameolewa, ndiyo maana ninawapata. Na hapa padri anasema baba hayupo."

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana. Alikuwa msituni anakata miti. Wanaume walikaa huko majira yote ya baridi, na mtoto hakungojwa. Padri akaandika jina la baba, halafu akaandika kwamba hayupo."

"Na asingemwandika?"

"Nisingejua kama aliwahi kuishi. Halas."

Akarudi kwenye kompyuta, nami kwenye mashati ya bosi. Nilichoma kola moja.

Sasa Mama, nikueleze kwa nini naandika badala ya kupiga simu, maana simu ya Wafula huwa kwenye spika na mtaa mzima unasikiliza. Aliniambia Nekesa wangu atabatizwa Pasaka, na kwa kuwa katekista anataka mzazi ahudhurie mafundisho, mmeamua uandikwe wewe kuwa mama yake. Nilikubali. Wewe ndiye unayemwosha na kumkesha akipata homa, nikaona ni karatasi tu. Halafu Jumapili ukampa simu, akaniita anti.

Iliniuma, Mama. Sikulaumu, mtoto wa miaka minne huita watu anavyosikia wakiitwa. Hilo nitalirekebisha nikirudi, tutacheka, atazoea. Lakini kile kitabu sitakirekebisha. Siku moja wajukuu wake watakaa mahali fulani wakitafuta, watakuta mimi na Nekesa ni dada, watoto wako wawili.

Kwa hivyo nakuomba urudi kwa padri kabla ya Pasaka. Nenda kwenye mafundisho kama Kukhu, bibi yake, umshike wakati wa kumwagiwa maji, hakuna ninayemtaka zaidi yako. Najua wanajumuiya watatazamana padri akiuliza niko wapi. Waache watazamane, kisha umwambie niko Jeddah kazini.

Barua hii inaletwa na Mkenya mwenzangu anayekuja likizo, pamoja na viatu vyeupe vya Nekesa. Ukiona vinambana, weka pamba yenye maji ndani usiku mmoja. Msalimie Wafula na mkewe aliye karibu kujifungua, mjomba fundi baiskeli, na yule jirani anayekuletea maziwa.

Padri akisema mimi sipo, ni kweli, sipo. Aandike kwamba mama hayupo. Lakini aandike kwamba mama ni mimi.

Binti yako,
Jentrix, mama Nekesa