Amekalia Daftari la Mahudhurio

Anitha, uko wapi? Bibi Scholastica katulipia kisasi kwenye mkutano wa kijiji, siamini!

Si unajua anavyodai matuta ya barabarani pale watoto wanapovuka kwenda shule? Leo kasimama kadai tena. Mwenyekiti kamjibu mbele ya watu: "Bibi, hata baiskeli hujui kuendesha. Kaa chini!"

Kaa chini! Kwa bibi wa miaka sabini! Na watu wakacheka.

Akakaa.

Kumbe kakalia daftari la mahudhurio, lile lenye mhuri!

Mwenyekiti akapitisha stendi ya magari ya Mikumi ihamie mbele ya baa yake, akaita watu wasaini. Daftari liko chini ya bibi. Bila sahihi zetu, huko wilayani hawaupokei uamuzi wake.

Akamtuma mtendaji, Jastin, akalichukue. Jastin kamuoa binti wa bibi! Nani amguse mama mkwe? Akabaki kuangalia viatu vyake.

Ndipo mwenyekiti akainama mwenyewe: "Shikamoo bibi. Naomba unyanyuke kidogo."

"Marahaba. Uliniambia nikae, nimekaa. Nitanyanyuka matuta yakijengwa."

Na akome!

Saa mbili zimepita. Bibi kaletewa uji na mto wa kuegemea. Mwenyekiti bado kasimama juani.