Kiapo Kuhusu Mashine ya Kukunia Nazi

Mpendwa Bi Auleria,

Naomba msaada wako, na naomba uniwahi, kwa sababu Jumamosi ijayo anakuja mtu nyumbani kwangu na karatasi ya kiapo anayotaka niitie sahihi, na mimi kuna saa mkono unaniwasha kuitia na moyo unanikataza, na saa nyingine moyo ndio unaotaka na mkono unaogopa, basi hata kula sili vizuri.

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Temeke, wazee wangu wamezikwa hapahapa. Niliolewa na Mfaume, fundi baiskeli, huu mwaka wa kumi na tisa, tumejaliwa watoto watano, na mwaka wa sabini akaniongezea mwenzangu, Hija, msichana wa Kunduchi mwenye mdomo mtamu na mikono laini, akampangia chumba Kinondoni. Sikusema kitu. Watu wakanisifu kwa kunyamaza na mimi nikazipokea sifa zao, lakini wewe sikufichi, wivu ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki na mpaka leo haujashuka.

Sasa ujue kwamba mitaa hii yetu ikitajwa shughuli, mimi ndiye ninayeitwa mwanzo. Wanawake wanakuja kila mmoja na mbuzi yake kwapani, tunakaa uani kwa safu, nazi zinavunjwa tunakuna, na mwanzo wa safu ni pangu, hapajawahi kukaa mtu mwingine tangu nilipotolewa mwari. Hija hajui kukuna. Akikuna nazi moja amejikwaruza vidole vitatu, na kwa uvivu wake huo huo ndiyo akamwambia mume wetu, ikiwa baiskeli inazungusha gurudumu, kwa nini isizungushe mbuzi. Mume akacheka, kisha akaacha kucheka, akaanza kukata vyuma. Siku zangu mbili za zamu akawa anakwenda kuzimalizia Kinondoni, ukimuuliza anakwambia alikuwa anakaza nati.

Mwaka wa sabini na moja, mfungo mosi, Ramadhani imeisha tu, jirani yetu Mwanakombo akawa anamwoza binti yake. Hija akaja na mashine yake juu ya mkokoteni, pedeli chini, kichwa cha mbuzi chenye meno pande zote kinazunguka juu. Wanawake sitini, Bi Auleria, wote wakainuka kwenye safu wakaenda kuizunguka, nikabaki nimekaa peke yangu na mbuzi yangu. Nazi za mwanzo zikakunika haraka kweli. Ila baadaye zikawa zinamponyoka mkononi zinaruka, na zile anazozishika vizuri meno yanapitiliza mpaka kwenye kifuu, tui likatoka lina vipande vyeusi, wali wa maharusi watu wakawa wanautafuna wanatema. Kufika adhuhuri mashine ilishasukumwa ukutani na kila mtu amerudia mbuzi yake. Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka.

Kesho yake mume wangu akaja kwangu amejiinamia. Na mimi kwa ujinga wangu nikamhurumia. Nikamwambia mkono wa mkunaji unajua kifuu kiko wapi, chuma hakijui, lazima ukiwekee kitu cha kukizuia. Nikachukua kopo la mafuta ya kula, nikaweka nusu ya nazi ndani yake, nikamwambia kopo lishike kifuu kwa nyuma, chini yake weka springi ya kiti cha baiskeli iwe inaisukuma nazi kwenye meno, halafu mbele weka pete ya chuma, kopo likigota kwenye pete nazi isisogee tena. Akaondoka na kopo langu. Akaenda akatengeneza hivyo hivyo, mashine ikakubali. Unaona alivyo mume huyu, akili anakuja kuchukua kwangu, raha anapeleka Kinondoni.

Miezi mitatu baada ya harusi akatokea bwana mmoja wa ofisi ya viwanda vidogo, akaipenda, akawapeleka kwa wakili mjini, wakaandikiwa maombi ya hati ya uvumbuzi, yaani karatasi inayosema kitu hiki amekivumbua fulani na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Nasikia kwa sheria iliyopo ni lazima upate ya Uingereza kwanza ndipo isajiliwe hapa kwetu, basi miaka ikapita, mwaka jana hati ikarudi. Wavumbuzi ni Mfaume na Hija. Sabasaba iliyopita wakaiweka maonyeshoni, Hija akapigwa picha ameweka mkono juu ya mashine. Gazeti sikulinunua. Nililetewa vitumbua asubuhi, nikavifungua, nikamkuta yeye kwenye karatasi ananichekea na mafuta usoni. Vitumbua nilivila. Ile karatasi ipo chini ya godoro na sijui kwa nini nimeiweka.

Sasa kuna mfanyabiashara mwenye karakana barabara ya Pugu, ameanza kuzitengeneza mashine hizo, na kopo na pete vilevile, bila kumwomba mtu. Mfaume amemshtaki Mahakama Kuu. Wiki iliyopita akaja karani wa wakili wa huyo mfanyabiashara, anaitwa Theonest, kijana wa adabu, shikamoo mama, marahaba. Akauliza kama ni kweli niliiona mashine kwenye harusi ya Mwanakombo. Nikasema niliiona, kwani mimi kipofu. Akaniuliza ilikuna nazi mbele za watu? Nikasema ilikuna. Akafurahi sana. Akanieleza kwamba kitu kikishatumika hadharani humu nchini kabla ya tarehe ya maombi, hati yake inaweza kuvunjwa, na kwamba mashine ya nazi ni haki ya akina mama wote wa taifa hili, si ya mtu na mkewe. Karatasi kaiandika tayari, inasema niliiona mashine ikikuna nazi mbele ya wanawake sitini. Nikamwambia aniache nifikiri. Akasema, "Mama, hapa huombwi uongo. Unaombwa kweli tupu."

Mume wangu sijamwambia. Juzi Hija akaja mwenyewe kwangu analia. Akasema, "Dada, watatunyang'anya. Mie mashine naikalia tu, wewe ndo unaijua." Nikataka kumwonea huruma, nikatazama chini nikaona kavaa doti ile ile ya khanga niliyomwomba mume tangu Idi akaniambia madukani hakuna. Huruma ikaishia hapo.

Nikitia sahihi hati inavunjika, jina la Hija linafutika, na mimi nitakuwa sijasema uongo hata neno moja. Nisipotia nitaendelea kumwona kwenye karatasi za vitumbua. Niambie, mtu anapata dhambi gani kwa kusema kweli?

Ni mimi,
Bi Mkubwa, Tandika.

JIBU

Bi Mkubwa,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi yako. Majina na mtaa nimevibadili, usiogope.

Kwanza pole. Kukaa na mwenzio miaka yote hiyo na watu wakikusifu kwa kunyamaza ni kazi nzito, na mume anayekuja kuchukua akili kwako halafu akasahau kukutaja anastahili kusemwa. Nitamsema. Lakini naanza na wewe, maana wewe ndiye uliyeniandikia.

Unaniuliza dhambi ya kusema kweli. Mama, hiyo uliyowekewa kwenye karatasi ni nusu. Karani amekuuliza habari za asubuhi ya harusi, habari za adhuhuri hakuuliza, na wewe ukamwachia hivyo hivyo kwa sababu nusu hiyo inakufurahisha. Ungekuwa umetulia ungemwambia: ilikuna, ikaharibu tui, ikasukumwa ukutani. Mimi umeniambia yote hayo bila kuulizwa, tena kwa kicheko. Karani wa watu ukamnyima.

Kwa kuwa mambo ya hati si fani yangu, nilikwenda kwa Bwana Kamugisha, wakili ninayemwamini, nikamsomea barua yako. Alinisimamisha kwenye lile kopo. Akanitaka nisome tena, nikasoma, akaweka miwani mezani. Akaniambia kwamba ni kweli, kitu kilichotumika hadharani hapa nchini kabla ya tarehe ya maombi kinaweza kuivunja hati, na wakili wa upande wa pili anapotaka kuiangusha hati hilo ndilo la kwanza kulitafuta: nani alikiona, lini, wapi. Ndiyo maana wamekufuata wewe, bi mkubwa mwenye donge, hawakumfuata Mwanakombo mwenye harusi. Lakini, akasema, swali ni kitu gani kilionekana. Kama hati inalinda mashine yenye kopo, springi na pete, basi wanawake sitini hawakuiona mashine hiyo, maana siku ile haikuwepo. Ilizaliwa kesho yake, nyumbani kwako, mkononi mwako. Akanionya nisikupe uhakika wa mahakama, kwani inategemea maneno yaliyoandikwa kwenye hati na jaji atakavyoyasoma. Ila alisema kesi hii ikija kupona, itaponea hapo.

Sasa jitazame. Umekaa miaka mitano na wivu wa jina la mwenzio, na kumbe kitu kilichoifanya mashine ikubali ni chako. Umekitaja katikati ya malalamiko ya zamu na khanga, ukakipita. Ungetia sahihi karatasi ya Theonest ungekuwa umeivunja kazi yako mwenyewe kwa mkono wako mwenyewe, na mwenye karakana angeendelea kutengeneza kopo lako na pete yako bila kukujua jina. Na hayo maneno anayosemewa na karani, ya akina mama wa taifa, usiyabebe. Akina mama angekuwa anawajali angekwenda kwenye chama chao cha ushirika akawatengenezee, asingekaa anawinda mke mkubwa wa mtu kwa kiapo.

Na Hija usimdhulumu. Kuuliza kwa nini baiskeli isizungushe mbuzi si uvivu. Wewe ulikuna miaka yote hiyo, mgongo ukakuuma kama wenzako, na hilo swali hukuliuliza kwa sababu ulikuwa unakaa mwanzo wa safu na mahali pale palikutosha. Swali ni lake, vyuma ni vya Mfaume, kopo ni lako. Ukitaka haki yako itambuliwe, yake itamke kwanza. Najua itakuuma. Itamke hivyo hivyo ikiuma.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi akija karani mpe maji, mpe kiti, na karatasi yake mrudishie haina wino. Mwambie ukiitwa mahakamani utasimama na utasema siku nzima ya harusi na kesho yake. Usigombane naye, anatafuta riziki. Lakini kabla ya Jumamosi, leo hii ukimaliza kusoma, mwite Mfaume nyumbani kwako na umwambie Hija aje naye. Usimwambie mume peke yake chumbani, itageuka habari ya zamu. Waambie wote wawili kwamba karani alikuja, alichouliza, ulichomjibu, na kwamba ulitaka kutia sahihi. Hilo la mwisho usilifiche, kwa sababu wakili wa upande ule atalitoa mwenyewe mbele ya jaji, na ni heri walisikie kwako. Kisha nendeni watatu kwa wakili wenu. Mwende na Mwanakombo pia, aliyekula wali ule na kutema ataikumbuka tarehe ya harusi ya binti yake na hali ya lile tui. Kama lile kopo la kwanza lipo, lichukueni, hata likiwa na kutu.

Kuhusu jina lako, liombe, tena liombe mbele ya wakili, siku hiyo hiyo. Bwana Kamugisha anasema zipo njia za kuomba mvumbuzi aliyeachwa atajwe, na ni rahisi zaidi wenzako wakikubali kuliko mkigombana. Ila usiwaambie jina kwanza ushahidi baadaye. Ushahidi uliouzwa jaji anaunusa, na wewe utakuwa umejishusha mpaka kwa mwenye karakana. Toa ushahidi kwa sababu ni kweli, na dai jina kwa sababu ni kweli vilevile.

Mfaume, kama unasomewa hii, aibu yako. Uliondoka na kopo la mkeo ukaenda kuandikisha majina mawili. Huenda hukuwa na nia mbaya, huenda ulidhani maneno ya mke ndani ya nyumba ni mali ya nyumba na hayana mwenyewe. Wanaume wengi wa mji huu wanadhani hivyo. Nenda kwa wakili ukalisahihishe, na ukirudi pitia dukani utafute khanga, maana zilipatikana za Kinondoni.

Na wewe Bi Mkubwa, nakwambia la mwisho nikuache. Nilimuuliza Bwana Kamugisha hati hiyo inadumu muda gani, akasema miaka kumi na sita, baada ya hapo kila mtu atatengeneza mashine hiyo apendavyo na hakuna atakayejali nani aliivumbua. Wewe na Hija mtakuwa bado mnaitana dada.