Nimerithi Jina la Kaka, Ofisini Wanasema Yu Hai

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu sana, na baada ya salamu naomba msaada, maana nimejitia katika jambo ambalo sijui nitatokaje, na nyumbani sijamwambia mtu, hata mke wangu Nesta. Kaka yangu Yonasi alikuwa mlinzi wa Idara ya Mifugo hapa Tunduma, kazi yake kusimama mpakani kuzuia ng'ombe wenye ugonjwa wasivuke kutoka Rodesia ya Kaskazini, na masika iliyopita alifia kazini kwa homa ya mapafu, akaacha mjane, Tabita, na watoto, na matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walinikalisha kwenye kigoda chake, wakanipa mkuki wake na koti lake, wakanipa na jina, kwa kuwa desturi yetu Wanyamwanga ni kwamba mtu akifa jina lake halizikwi, hupewa ndugu, na tangu siku ile mimi siitwi Ezron tena, ni Yonasi, hata mama mzazi ananiita Yonasi na watoto wa marehemu wananiita baba.

Tabita alikubali nichukue jina lakini mimi mwenyewe alinikataa, alisema mbele ya wazee, "Shemeji, mimi nilifunga ndoa misheni, sirithiwi kama jembe," nami nikanyamaza kwa heshima ingawa liliniuma. Sasa ikaja habari kutoka ofisi ya Mbeya kwamba Serikali ina fedha za kumpa mjane na watoto wa mtumishi aliyefia kazini, nikafikiri, mwanamke atasemaje mbele ya meza ya Serikali, na Yonasi si ndiye mimi, basi nikavaa lile koti la kazi lenye vifungo vya shaba, nikapanda lori la mahindi mpaka Mbeya bila kumwambia. Karani, kijana mgeni wa huko pwani, akaniuliza jina, nikasema Yonasi Silungwe, mlinzi wa mifugo wa Tunduma, akauliza nimekuja kudai nini, nikasema fedha zangu, akafungua faili, akanitazama, akatazama tena faili, akasema, "Bwana, humu imeandikwa umekufa," nikamjibu, "Sikufa, ndimi huyu hapa," kwa maana kwetu ndivyo tunavyosema na ndivyo wazee walivyonifundisha kujibu.

Mshauri, yule karani hakucheka. Aliita mwenzake, wakaandika, wakasema kama Yonasi yu hai basi hakuna fedha za mjane, tena huyo Tabita aliyeleta habari za kifo ameidanganya Serikali na ataitwa kujibu, nami niliogopa kusema kwamba mimi ni Ezron, maana niliona wangenifunga, nikaondoka. Nyumbani nimesema Wazungu wanachelewa. Watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo, na Tabita kila tukikutana kisimani ananiuliza, "Shemeji, hujasikia neno kutoka Mbeya?" Nikikiri ofisini nitafungwa, nikilikana jina wazee watasema nimemwua kaka mara ya pili. Tena nakuuliza, kwa kuwa sasa Yonasi ni mimi, je, fedha hizo si haki yangu kuzishika kwa niaba yao?

Ni mimi,
Yonasi Silungwe (zamani Ezron),
Tunduma.

MAJIBU

Bwana Ezron,

Nakuita Ezron kwa kuwa sina desturi ya kuandikiana na marehemu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani unanitania. Yaani umelipa nauli ya lori kwenda kumfufua kaka yako mbele ya karani, na kwa ufufuo huo umewanyima wanawe chakula. Lazaro alipofufuliwa, dada zake walifurahi. Huyu wa kwako amefufuka, na mkewe anakwenda kuitwa mwongo.

Wala usinitupie desturi usoni. Mimi ni mtu wa Ileje, na kwetu nako majina hurithiwa. Nyumbani naitwa kwa jina la shangazi yangu aliyekufa zamani, na mpaka leo sijaenda kumdai mumewe. Jina la marehemu hupewa mtu ili yatima wapate wa kumwita baba, si ili mtu apate mfuko wa pili. Wazee walikukalisha kigodani. Hawakukutuma Mbeya.

Unaniuliza mwanamke atasemaje mbele ya meza ya Serikali. Tabita alisimama mbele ya wazee wa ukoo wako wote, akasema neno moja, ukanyamaza. Wewe mwanamume ulifika mezani ukafungua kinywa, na kila lililotoka limeharibu kazi. Kati yenu wawili, najua ningemtuma nani.

Swali lako la mwisho jibu lake ni hapana. Fedha za mtumishi aliyefia kazini si mali ya ukoo. Serikali haiulizi nani amepewa mkuki, inauliza nani alikuwa mke wake na nani ni watoto wake. Hata kama Tabita angekubali kurithiwa, zisingekuwa zako.

Nakuhurumia kidogo, sikatai. Najua ulimjibu karani kama ulivyofundishwa, na ulimi ukizoea jambo hauchagui mahali. Lakini ulipoona haelewi, ukainama ukatoka, hapo desturi ilikuwa imekwisha, umebaki woga. Na nyuma ya huo woga naiona tamaa, maana anayekwenda kumtafutia shemeji yake haki humuaga kwanza. Wewe uliondoka kimya kwa sababu ulijua unakwenda kufanya nini.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma gazeti hili, inuka uende kwa Tabita umwambie yote, mbele ya mama yako na Nesta. Atakutukana, nawe ukae utukanwe, usimkatize. Kisha nendeni kwa chifu wenu na kwa mwinjilisti aliyemzika kaka yako, muwaombe wafuatane nanyi Mbeya kushuhudia kwamba Yonasi mlinzi wa mifugo amekufa na kaburi lake linajulikana. Tabita achukue cheti chake cha ndoa na vyeti vya ubatizo vya watoto. Nauli ya wote utalipa wewe, hata kama itabidi uuze mbuzi. Lile koti likunje ulirudishe, ni mali ya Serikali, na wewe hujapata kuzuia hata ndama mpakani.

Ofisini atatangulia Tabita. Wewe utasimama nyuma yake, na ukiulizwa ueleze desturi yenu polepole, bila kuongeza chumvi. Sidhani watakufunga ukienda kwa miguu yako mwenyewe na chifu ubavuni. Wakikufuata na pingu, hapo siahidi kitu. Na ikiwa lazima mtu afungwe kwa upumbavu huu, afadhali wewe kuliko mama wa watoto wale.

Wazee wakinung'unika kwamba umelikana jina, waambie hujalikana, umelirudisha nyumbani lilikotolewa. Wakizidi, waulize nani kati yao atalipa karo. Utaona watakavyoanza kukohoa.

Neno la mwisho, Bwana Ezron. Barua yako ni ndefu, umeniandikia mkuki, umeniandikia lori na vifungo vya shaba, lakini sikuona mahali ulipomlilia kaka yako. Karani akikuuliza Yonasi yuko wapi, mwambie amekufa. Na machozi yakija hapo mezani, usiyafute upesi.

Bibi Tupokigwe